Betri Inapokosa pa Kupumulia

Januari 2019, kijana wa miaka 24 alikuwa kwenye gari nje ya duka la sigara za kielektroniki karibu na Fort Worth, Texas, akivuta kifaa chake. Kikamlipukia usoni. Kipande cha chuma kilikata mshipa mkubwa wa damu wa shingoni, na baada ya siku mbili akafariki hospitalini. Miezi minane kabla ya hapo, Mei 2018, mwanamume wa miaka 38 alikutwa amekufa nyumbani kwake St. Petersburg, Florida, chumba kikiwaka moto. Uchunguzi ulionyesha kwamba vipande viwili vya kifaa vilikuwa vimepenya fuvu la kichwa.

Watu wakisikia habari kama hizi hudhani ni yale maji ya vepu, kama sigara hizi zinavyoitwa, yaliyowaka, au nikotini. Sivyo. Maji yale kwa sehemu kubwa ni glisarini na propilini glaikoli, vitu ambavyo havina nguvu ya kurusha chuma kikapita mfupa. Kinachorusha ni betri. Na ajabu yenyewe ni kwamba betri inapofikia hatua hiyo huwa inafanya kile ilichoundwa kufanya: inatoa gesi kabla haijapasuka. Swali la maana, basi, ni gesi ile ilikuwa na njia ya kutokea au haikuwa nayo.

Tuiangalie kwa karibu betri inayotumika sana kwenye vifaa vikubwa vya aina hii, ile inayoitwa 18650. Tarakimu mbili za kwanza ni kipenyo chake, milimita 18, zinazofuata ni urefu, milimita 65, na sifuri ya mwisho inaonyesha kuwa ni ya mviringo. Hata asiyewahi kushika vepu ameshaiona. Fundi akipasua betri ya kompyuta ya mkononi ya zamani, silinda zilizopangwa humo ndani mara nyingi ndizo hizo, na nyingine kama hizo zimo kwenye pawabenki, tochi za kuchaji na taa za sola.

Gamba lake lote la chuma, tangu kitako hadi kwenye bega la juu, ni upande wa hasi. Chanya ni kile kitufe kidogo cha juu peke yake. Kati ya kitufe na bega hakuna umbali wa maana, ni milimita chache tu, na kinachozuia visikutane ni pete nyembamba ya kuhami pamoja na ngozi ya plastiki iliyovikwa betri nzima. Ngozi hiyo ni nyepesi mno, unaweza kuichana kwa ukucha. Wauzaji huichukulia kama lebo ya kuandikia jina. Kumbe ndiyo inayoyatenga maisha ya kawaida ya betri na shoti.

Ukiiinamisha betri na kuchungulia pembeni mwa kitufe, utaona vitundu vidogo. Hivyo ndivyo vya kupumulia. Chini yake kuna kisahani chembamba cha bati kilichochanjwa mistari kwa makusudi. Presha ikianza kupanda ndani, kisahani hunyanyuka na kukata mguso wa umeme, na betri inakufa bila kelele. Hiyo ndiyo ajali njema, mtu anaona tu betri imegoma. Presha ikizidi kupanda, bati hupasuka kwenye ile mistari na gesi hutoka kwa vitundu kwa mlio mkali wa kufoka, pamoja na moshi mweupe wenye harufu tamu ya kemikali. Ikiishia hapo, pengine hata moto hautawaka.

Mara nyingi, hata hivyo, haiishii hapo, na sababu iko tumboni mwa betri. Mle ndani kuna utepe mrefu uliosokotwa: karatasi ya shaba iliyopakwa grafiti, karatasi ya alumini iliyopakwa oksidi za metali kama kobalti, nikeli au manganizi, na katikati kitenganishi cha plastiki chembamba kuliko unywele. Vyote vimeloweshwa kwa kimiminika kinachoshika moto upesi. Joto likifika kati ya nyuzi 80 na 120 za Selsiasi, utando unaoilinda grafiti huanza kuvunjika, na kuvunjika kwake kunazalisha joto jingine. Kwenye nyuzi 130 hivi, kitenganishi cha polithini huyeyuka, na sasa shoti inapigwa ndani kwa ndani. Ikifika karibu na nyuzi 200, zile oksidi huanza kuachia oksijeni. Kutoka hapo betri haihitaji tena umeme wa nje wala hewa ya nje. Ina kuni zake na pumzi yake humo humo, na kuifunika kwa blanketi hakuizimi. Betri moja ya ukubwa huu inaweza kutoa lita kadhaa za gesi katika muda mfupi sana.

Chukua sasa lita hizo uzifungie kwenye bomba la vepu, la shaba au chuma cha pua, nafasi ya betri tu, kitako kimekazwa kwa hesi na juu kimekazwa kichwa cha koili, ule waya unaopasha maji yale moto. Hilo ni gobore. Vitundu vya kupumulia viko upande wa chanya, na kwenye mabomba mengi chanya hutazama juu, kwenye kinywa cha mvutaji. Watengenezaji makini hutoboa matundu kwenye bomba ili gesi ipite, lakini tundu la upana wa kichwa cha msumari kwa gesi ya kiasi hicho ni la kujifariji tu. Mwaka 2014, U.S. Fire Administration, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia masuala ya moto, iliandika kwamba umbo la silinda lenye ncha dhaifu ndilo linalofanya vifaa hivi viruke kama roketi pale betri inaposhindwa. Simu ikiharibika huvimba, hutoa moshi na kuungua. Ni hatari, ila mara chache sana hurusha chuma.

Tofauti ya simu na bomba hilo haiko kwenye umbo peke yake. Tangu Sony ilipoanza kuuza betri za lithiamu-ioni mwaka 1991, kanuni imekuwa kwamba betri hizi haziachwi bila mlinzi. Katika simu na kompyuta kuna saketi ndogo inayopima volti, mkondo na joto kila wakati, na inakata umeme pale mambo yanapokwenda kombo. Mfamasia wa Kichina Hon Lik alipobuni sigara ya kielektroniki ya kisasa mwaka 2003, vifaa vilivyofuata vilikuwa vidogo, vya umeme kidogo. Baadaye wakaja wapenzi wa moshi mzito. Walitaka koili ipate moto zaidi, kwa hiyo wakapunguza ukinzani wake, na wengine wakaona ile saketi inawabana, wakaiondoa kabisa. Ndipo zilipoenea modi za mekanika: bomba, betri, kitufe cha kubonyeza, basi. Ndani hamna fyuzi wala kifaa cha kupima chochote. Kifaa kilichotajwa katika kifo cha Florida kilikuwa cha aina hiyo.

Hesabu yake si ngumu. Gawanya volti kwa ukinzani, unapata ampea. Betri iliyojaa chaji ina volti 4.2. Koili ya omu 0.5 itavuta ampea 8.4. Koili ya omu 0.2 itavuta 21, na ya omu 0.1 itavuta 42. Sasa linganisha na betri. Samsung 25R, mojawapo ya zilizopendwa sana na wavutaji, ina uwezo wa milliampea-saa 2,500 na imekadiriwa kutoa ampea 20 mfululizo. Mwenye koili ya omu 0.2 ameshavuka mpaka kabla hajafika kwenye vituko vya mashindano ya kutoa mawingu ya moshi. Na kwa kuwa hakuna saketi ya kumkatalia, kinachomkatalia ni kemia.

Vifaa vyenye saketi ni salama zaidi, ila navyo vina jambo ambalo watumiaji wengi hawalijui. Humo mtu huchagua wati, na saketi hujitahidi kuzitoa hata betri inapochoka. Kwa wati 80, betri iliyojaa inatoa ampea 19 hivi. Ikishuka hadi volti 3.2, wati zile zile zinahitaji ampea 25. Yaani betri inafanyishwa kazi ngumu zaidi wakati ambapo nguvu zimeiishia. Kwenye bomba la mekanika ni kinyume, mkondo hupungua kadiri chaji inavyopungua.

Ajali mbaya kuliko zote kwenye bomba huanzia mahali padogo sana. Kichwa cha koili kina pini ya chanya katikati, imezungukwa na hesi ambayo ni hasi. Mabomba mengine yana kipande cha kati kinachotenganisha hesi hiyo na betri. Mengine, yale yanayoitwa haibridi, hayana, pini inakaa moja kwa moja juu ya kitufe cha betri. Pini ikiwa fupi, haikuchomoza kupita ukingo wa hesi, basi kinachokaa juu ya kitufe ni hesi yenyewe. Mtu akibonyeza, chanya na hasi zimekutana bila koili kati yao. Kwa nje kila kitu kinaonekana kimekazwa vizuri. Upungufu wa nusu milimita unatosha, na hakuna mlio wala taa ya kumwonya.

Halafu kuna mfuko wa suruali. Mtu anabeba betri ya akiba pamoja na funguo na sarafu. Ufunguo unagusa kitufe upande mmoja na bega upande wa pili, na pale ngozi ya plastiki ilipochubuka kazi inakuwa rahisi zaidi. Shoti hiyo haina swichi ya kuzimwa, na suruali haivuliki kwa sekunde mbili. Kijisanduku cha plastiki cha kuhifadhia betri ni cha bei ndogo mno, na sioni sababu ya duka lolote kumuuzia mtu betri ya aina hii bila kumpa nacho.

Takwimu za Marekani zinaonyesha jinsi hatari ilivyohama. Ile ripoti ya U.S. Fire Administration ya 2014 ilikusanya matukio 25 tangu 2009, na 20 kati yake yalitokea kifaa kikiwa kwenye chaji. Maelezo yake yalikuwa mepesi: vifaa vilitumia plagi ya USB, watu wakachomeka popote penye USB, na chaja isiyo yake ikapitisha volti ambazo betri haikupaswa kupewa. Betri ya lithiamu-ioni haitakiwi kuvuka volti 4.2, na USB hutoa 5. Kati ya volti hizo mbili lazima pawe na saketi inayojua wakati wa kusimama.

Ripoti ya pili ya taasisi hiyo, ya 2017, ilihesabu matukio 195 kati ya Januari 2009 na Desemba 2016. Picha ilikuwa imegeuka. Yaliyotokea kwenye chaji yalikuwa 48. Yaliyotokea mfukoni yalikuwa 61, na yaliyotokea mtu akivuta yalikuwa 60. Waliojeruhiwa walikuwa 133, kati yao 38 vibaya, na hadi wakati huo hakuna aliyekufa. Idadi hizo zilitokana zaidi na habari za vyombo vya habari, kwa hiyo ni za chini. Watafiti waliochambua kumbukumbu za vyumba vya dharura baadaye walikadiria majeruhi 2,035 kwa miaka ya 2015 hadi 2017 peke yake. Ninavyozisoma mimi, takwimu hizi zinasema kwamba chaja ziliboreshwa kiasi, huku betri zenyewe zikitoka ndani ya vifaa na kuanza kutembea mikononi na mifukoni mwa watu.

Wenye viwanda wana jibu lao. LG, Samsung na Sony wamesema kwa miaka kwamba seli hizi hazikukusudiwa kuuzwa mojamoja kwa mtumiaji. Ni sehemu za kufungwa kiwandani ndani ya pakiti yenye saketi ya ulinzi. Januari 2021 CPSC, tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa, ilitoa onyo lenye maana hiyo hiyo kuhusu seli za 18650 zinazouzwa wazi. Msimamo huo ni wa kweli, na pia ni wa kujikinga mahakamani. Seli zinaendelea kufika madukani kwa njia ndefu: kuna wanaonunua zilizotumika au zilizokataliwa kwenye ukaguzi, wanazivua ngozi, wanazivika nyingine yenye jina jipya na namba kubwa.

Namba hizo ndizo zinazotugusa Afrika Mashariki hata pale vepu ilipo adimu. Betri za tochi zilizoandikwa milliampea-saa 9,900 zinauzwa bila aibu, wakati 18650 halisi za madukani huishia karibu na 3,500. Aliyeandika 9,900 amedanganya kuhusu uwezo, na huna sababu ya kumwamini kuhusu ampea wala kuhusu vile vitundu vya kupumulia. Hata namba ya kweli inapotosha. Panasonic NCR18650B ina milliampea-saa zipatazo 3,400, nyingi kuliko zile 2,500 za Samsung 25R, na mnunuzi ataiona bora. Kwa tochi na pawabenki ni bora kweli. Kwa koili ya omu 0.2 ni balaa, maana ampea inazoweza kutoa salama ni chini ya nusu ya za mwenzake. Nafasi ndani ya gamba ni ile ile, na anayetaka akiba kubwa hulipia kwa kasi ya kutoa.

Uganda ilipiga marufuku sigara za kielektroniki kwa sheria yake ya tumbaku ya 2015. Marufuku hiyo inahusu kifaa na nikotini. Betri haiguswi, na fundi wa Kampala anayeunga pawabenki kwa seli za kompyuta kuukuu anashika kitu kile kile, chenye bega lile lile la hasi na ngozi ile ile inayochubuka.

Majeraha yana sura yake. Madaktari wa Seattle waliandika Oktoba 2016 kuhusu wagonjwa 15 waliowapokea katika miezi tisa: asilimia 80 walikuwa na majeraha ya moto, asilimia 33 ya kemikali, na asilimia 27 ya mlipuko wenyewe, wengine zaidi ya aina moja kwa pamoja. Yaliyoumia ni paja, mkono, uso, meno. Kemikali ndiyo inayosahaulika. Kile kimiminika kikikutana na unyevu huweza kutoa asidi ya haidrofloriki, na mabaki mengine huwa na ualikali mkali unaoendelea kula ngozi baada ya moto kuzimika. Nguo iliyolowa ivuliwe mara moja, jeraha lioshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda mrefu, kisha hospitali, na daktari aambiwe wazi kuwa ni betri ili apime asidi na alikali kwenye ngozi. Dawa ya meno na ute wa yai, tunavyovikimbilia majumbani, havina kazi hapa. Betri ikianza kufoka na unaweza kuitupa nje bila kuishika, itupe, kaa mbali na moshi wake, na kama unaifikia imwagie maji mengi. Maji hayazuii kemia iliyoanza, ila yanapoza, na kupoza ndiko kunakozuia betri ya jirani isifuate.

Sababu hiyo ya kupoza ndiyo iliyo nyuma ya swali la uwanja wa ndege, ambalo msafiri wa Dar es Salaam au Nairobi hulijibu akiwa na haraka: una pawabenki au sigara ya kielektroniki kwenye sanduku? Mwaka 2014 begi lenye kifaa cha aina hii lilishika moto kwenye sehemu ya mizigo ya ndege iliyokuwa Boston. Januari 2015, Los Angeles, likawaka begi jingine lililokuwa limekosa ndege yake ya kuunganisha. Lingeiwahi, moto ungeanzia angani. Mwaka huo huo shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, liliagiza vifaa hivi visiwekwe kwenye mizigo ya chini bali vibebwe mkononi. Gesi ya kuzimia moto iliyoko kwenye shehena huua miali, lakini haipozi betri. Kwenye kabati la juu ya kiti, mhudumu anaweza kufika na chupa ya maji.

Soko nalo limeshahama tena. Vepu za kutupwa, zenye betri ndogo isiyotolewa, zilimwondolea mtumiaji ile kazi ya kushika seli mkononi. Uingereza pekee, shirika la Material Focus lilikadiria mwaka 2023 kwamba takriban milioni 5 zilikuwa zikitupwa kila wiki, na betri inayopondwa kwenye gari la taka hupiga shoti kama ile ya mfukoni. Mwaka uliofuata, shirika hilo na baraza la wakuu wa zimamoto walihesabu mioto zaidi ya 1,200 ya betri kwenye magari na vituo vya taka ndani ya mwaka mmoja. Tarehe 1 Juni 2025 uuzaji wa vifaa vya kutumika mara moja ukapigwa marufuku. Sheria inaruhusu vinavyochajiwa na kujazwa upya, na watengenezaji wengi walijibu kwa kuleta vifaa vya sura ile ile, safari hii vikiwa na tundu la USB. Watu wengi ambao hawakuwahi kuchaji vepu sasa wanaichomeka usiku kwenye chaja yoyote iliyo karibu na kitanda.